Walichokikuta Mdomoni mwa Exaucée

Emérence alikuwa hajawahi kusikia habari ya daktari anayetafuta watu wasioumwa. Ndiyo maana asubuhi ile, madaktari wa meno walipopiga hema lao Kabalagala karibu na kijiwe cha bodaboda, alisimama na furushi la vitenge kichwani akitazama bila kuelewa. Mwanamume aliyevimba shavu alifika akiugulia. Akapewa kikaratasi cha kwenda kutibiwa na kuombwa apishe. Mama mmoja mwenye jino lililooza naye hivyo hivyo. Wenye shida waliondoshwa, na wapita njia wenye haraka zao ndio waliobembelezwa waingie.

"Mama, hebu cheka," msichana mwenye koti jeupe alimwambia.

"Nicheke nini?"

"Cheka tu."

Ombi lenyewe lilichekesha, basi Emérence akacheka. Msichana akainama, akayachungulia meno yake kama mtu anayechagua nyanya, akapiga makofi. "Huyu ndiye! Meno yote iko, fizi muzuri. Uko na mtoto nyumbani?"

"Ninaye mmoja. Binti."

"Mnakaa pamoja tangu mdogo?"

"Tangu mdogo."

"Basi nyinyi ndio tunatafuta. Mama na mtoto."

Msichana aliitwa Alum. Alikuwa muuguzi, mtu wa Lira, na Kiswahili chake alikiokota huku na huku kazini. Alieleza kwamba chuo kikuu kilitaka kuwajua wadudu wanaoishi katika mdomo wa mtu mwenye afya.

"Mimi sina wadudu," Emérence alisema.

"Uko nao, mama. Mingi sana."

"Mbona umesema nina afya?"

"Kwa sababu uko nao. Wale muzuri."

Kule Rutshuru, Kongo, alikozaliwa Emérence, mdudu ni kitu chenye miguu. Alijipitisha ulimi kwenye meno, akahisi meno tu. Akaamua kwamba mmoja wao hakuwa akisikia Kiswahili, na kwa adabu akadhani ni yeye. Akakubali kwenda kliniki Jumamosi.

Bintiye, Exaucée, alikubali kabla hajamaliza kuelezwa. Alikuwa kidato cha pili, binti mwenye miguu mirefu na maswali marefu zaidi, na somo la baiolojia ndilo lililomwamsha bila kuitwa. Waliambiwa wasipige mswaki asubuhi. Daktari mkuu, Komakech, mzee wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwapokea mwenyewe. Baba yake alikuwa askari, naye alikulia kambini ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya uwanja wa mpira, kwa hiyo Emérence alimwelewa vizuri kuliko Alum. Aliwapitishia vijiti vyenye pamba ndani ya mashavu, juu ya ulimi na kwenye fizi, kisha akawaomba wateme mate kwenye vichupa. Exaucée alitema kwa bidii hata daktari akamwambia inatosha. Walipewa sabuni na dawa ya meno, wakaenda zao wakicheka.

Kicheko kilikatika kibandani.

Kibanda cha Emérence kilikuwa kimeegemeana na cha Rukiah, fundi cherehani. Rukiah alikuwa Mnubi. Baba wa babu yake alikuja Uganda na jeshi la Wasudani enzi za Waingereza. Emérence aliuza kitambaa, Rukiah akakishona, na mteja alikwenda kwa wote wawili bila kuinuka kwenye benchi. Rukiah alijua habari za nyumba nyingi za Kampala kuliko alizowahi kuziingia.

"Walikupitishia pamba shavuni?" aliuliza, mguu ukiwa bado unakanyaga cherehani. "Wewe na mtoto?"

"Wote wawili."

Mguu ukasimama. "Mama Exaucée, hiyo ni DNA."

"Hapana. Wanatafuta wadudu."

"Nani anatafuta wadudu kwenye mdomo mzima? Walimfanyia hivyo hivyo binamu yangu Rajab, kule Bombo. Pamba shavuni mwake, pamba kwenye mashavu ya watoto. Majibu yaliporudi, mtoto wa pili si wake. Mpaka leo ile nyumba haijakaa sawa." Halafu akacheka, akavuta uzi. "Lakini wewe ni mama. Mama hana cha kuogopa, tumbo ni shahidi. Wanaume ndio watetemeke."

Emérence aliinama akajifanya anakunja kitenge kilichokuwa kimekunjwa tayari.

Tumbo lake halikuwa shahidi wa lolote. Emérence hakumzaa Exaucée.

Mwaka ule vita vilipofika kwao, Emérence alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa akijifunza ushonaji kwa masista. Watu walikimbia kuelekea mpaka wa Bunagana, barabara ikajaa magodoro, mbuzi na watoto. Kando yake alitembea mwanamke asiyemfahamu, aliyekuwa akichechemea, na mtoto mgongoni. Walitembea pamoja muda mrefu bila kusemezana sana, kwa sababu kila mmoja alikuwa akihifadhi pumzi. Mahali fulani, kelele zikiwa zimezidi, yule mwanamke alimfungua mtoto mgongoni akamwekea Emérence mikononi.

"Nishikie, nakuja," alisema.

Alirudi nyuma. Kama alifuata mtoto mwingine, au mzigo, au mume, Emérence hakuwahi kujua. Alisimama kando ya njia akisubiri mpaka watu waliokuwa wakipita walipomsukuma akasogea, akasubiri tena, akasukumwa tena. Alivuka mpaka kwa namna hiyo, akisubiri na kusukumwa. Upande wa Uganda alikaa karibu na njia akitazama kila mwanamke aliyechechemea. Katika kambi ya mapokezi, Kisoro, mwandikishaji alimuuliza bila kuinua kichwa, "Mtoto wako?" Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, mtoto analia, na yeye hakuwa na maneno ya kueleza kwamba ameshikishwa tu kwa muda. Akasema ndiyo. Jina? Mama yake alikuwa amemwita jina fulani njiani, lakini kelele zilimeza lile jina. Emérence akataja la kwanza lililomjia, jina la sista aliyemfundisha kushona: Exaucée, aliyejibiwa maombi yake. Hakuwa ameomba mtoto. Alikuwa ameomba vita viishe.

Mtoto alikataa uji wa kambini. Akisogezewa kijiko, aligeuza uso. Emérence akakumbuka bibi yake alivyowalisha wajukuu: alitafuna kiazi kitamu mdomoni mwake mpaka kikalainika, akakitoa kwa kidole akamtilia mtoto. Mtoto akameza. Tangu siku hiyo alitafuna kila kitu kwa ajili ya watu wawili, viazi, mahindi, karanga, mpaka mtoto alipoota meno ya kutosha.

Walihamia Kampala. Wanaume wawili walimtaka Emérence, na wote walipomwona mtoto waliuliza baba yuko wapi. Yeye hakujua amjibu mtu kwamba mtoto si wake, au aseme ni wake na abebe aibu isiyomhusu. Alinyamaza, wanaume wakaenda. Miaka ikapita, binti akakua, na swali lenyewe likawa kama fanicha nzito ambayo watu wa nyumba wameacha kuigonga kwa sababu wanajua ilipo.

Sasa kuna watu waliochukua mate.

Siku zilizofuata Emérence hakujielewa. Alimpimia mteja kitambaa mara mbili akakikata vibaya. Usiku alikaa akimtazama binti akisoma, akiyatafuta masikio yale na paji lile kwenye sura ya mwanamke aliyechechemea, na sura ya mwanamke haikuja. Alikumbuka kanga yake, ilikuwa na rangi ya kijani. Uso hakuukumbuka hata kidogo. Je, waliomba mate wakijua? Je, mtu wa ofisi ya wakimbizi alikuwa nyuma ya jambo hili? Je, wangesema alimwiba mtoto? Kwani alimwiba? Kila alipojibu swali moja, lile alilokwisha kulijibu lilirudi.

Jioni moja alimwambia Exaucée, bila sababu, asitumie kikombe chake. Binti akamwangalia.

"Tangu lini tuna vikombe viwili?"

"Tangu leo."

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Hao madaktari wako wamesema siumwi."

Alikwenda kliniki kuomba mate yake yarudishwe. Njiani alikuwa amepanga maneno, lakini Alum alipomuuliza amekuja kwa shida gani, yakamtoka kichwani. Akaishia kusema, "Nimekuja kusalimia." Alum akafurahi, akamwambia majibu yako karibu, na kwamba mdomo wake ni mmoja wa ile yenye wadudu wengi kupita yote. "Aina mingi, mama! Zaidi ya mia! Hongera!"

Emérence alirudi Kabalagala na hongera ile hajui aiweke wapi.

Ukawa wakati wa mvua Alum alipopiga simu. Laini ilikuwa mbovu. "Daktari anataka kuongea," alisema. "Kuna kitu juu ya wewe na mtoto. Kuna kitu yeye hajaona kwa wengine."

"Kitu gani?"

"Njoo na mtoto."

Alikwenda peke yake. Alimwambia Rukiah amwangalizie kibanda, na Rukiah, aliyekuwa na sindano mdomoni, akaitikia kwa nyusi. Kliniki ilikuwa upande wa Muyenga. Alipanda mlima kwa miguu, matope yakimshika viatu, akijiambia kwamba akifika atakana. Kisha kwamba atalia. Kisha kwamba atasema ukweli kabla hawajamuuliza. Alipoketi mbele ya Daktari Komakech alikuwa hajaamua lolote.

Daktari aligeuza kompyuta ili naye aone. Palikuwa na picha ya nguzo nyembamba zilizopangwa mbili mbili, kila nguzo imechorwa mistari ya rangi nyingi, kama pindo la kitenge.

"Kila mstari ni aina moja ya bakteria," alisema. "Wanaishi ndani ya mdomo, kwenye ulimi, kwenye meno, kwenye shavu. Kila mahali pana jamii yake. Wa kwenye ulimi si wale wa kwenye fizi. Wengi hawatudhuru, na wengine wanazuia wale wabaya wasipate nafasi. Watu wengi wanafikiri mdomo safi ni mdomo mtupu. Hakuna mdomo mtupu, mama. Kama mdomo huo ungekuwepo, ungekuwa mgonjwa."

"Sawa," alisema Emérence, ingawa halikuwa sawa.

"Sasa tazama. Hawa ni mama fulani na mtoto wake. Wanafanana kidogo. Hawa wengine, kidogo. Na hizi mbili," kalamu yake iligusa nguzo za mwisho, "ni wewe na binti yako."

Hata yeye aliona. Rangi zilifuatana karibu sawa, kama kitambaa kimoja kilichokatwa katikati.

"Tulipochunguza zaidi, tukakuta si aina moja tu, ni ukoo mmoja. Wadudu wako na wadudu wake ni ndugu. Katika mama na watoto wote tuliowapima, hakuna waliokaribiana hivi. Nilitaka kukuuliza..."

"Haiwezekani," alisema Emérence.

"Nini haiwezekani?"

"Mashine yako imekosea. Rudia tena."

"Tumerudia, mama. Kwa nini unasema imekosea?"

Alitaka kunyamaza. Alikuwa amekuja kusikia kwamba mtoto si wake, akajiandaa kwa hilo tu. Sasa alipoambiwa kinyume chake hakuwa na pa kushika. Maneno yakamtoka yenyewe, kwa sauti kubwa iliyomfanya Alum achungulie mlangoni.

"Kwa sababu sikumzaa! Nilipewa nimshike! Nilipewa njiani nimshike, mama yake akasema anakuja, mimi nikangoja!"

Daktari Komakech aliweka kalamu chini. Kwa muda alionekana kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Aliitazama picha, akamtazama Emérence, akairudia picha.

"Hatukukuuliza," alisema hatimaye. "Tuliuliza mnakaa pamoja tangu lini. Mengine tulijazia wenyewe."

"Utawaambia watu wa serikali?"

"Nitawaambia nini? Mimi ni daktari wa meno." Akamsukumia kikombe cha maji. "Sikiliza, mama. Tungepima DNA yenu kutafuta uzazi, ningekuwa nimejua zamani. Hatukupima hivyo, wala hatukuwa na ruhusa. Tulisoma wadudu peke yao. Na wadudu hawajui uzazi."

"Wanajua nini?"

"Wanajua nani alikuwa karibu. Mtoto akizaliwa, mdomo wake karibu hauna kitu. Wanaokuja kwanza wanatoka kwa watu wanaomshika, wanaombusu, wanaomlisha. Wakishakaa, wengine hawaondoki tena. Ulimlishaje?"

Alimweleza, kwa aibu, kwa sababu wauguzi wa Kampala walikuwa wamewaambia akina mama waache desturi ile: kiazi, mahindi, karanga, kidole.

"Sikushauri umwambie mtu afanye hivyo leo," daktari alisema. "Kuna magonjwa yanapita hapo, na wadudu wanaotoboa meno wanapita hapo pia. Una bahati kwamba mdomo wako ulikuwa mzuri. Lakini hii ndiyo sababu. Ulimpa chakula, na pamoja na chakula ukampa hawa wote." Aliipitisha kalamu juu ya rangi zile. "Na yeye amewaweka."

Emérence alizitazama rangi mpaka macho yakamuuma. Hakujua kama anachohisi ni furaha au ni hofu ile ile iliyobadilisha nguo. Kisha akauliza swali ambalo mwenyewe hakulitarajia.

"Na wa mama yake? Wamo humo?"

Daktari akasogea karibu na kompyuta. Akaonyesha mistari michache myembamba upande wa binti, isiyokuwepo upande wake. "Hawa wewe huna. Inawezekana mmoja wao alitoka kwa mama yake. Inawezekana alitoka kwa rafiki wa shuleni, au kwa maji, au popote. Sina njia ya kujua."

"Lakini inawezekana."

"Inawezekana, mama. Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya."

Alishuka mlima polepole. Mtu mwingine labda angeimba. Yeye alihisi amepewa kitu na kunyang'anywa kitu kwa mkono mmoja, asijue kipi ni kipi. Kwa miaka yote hiyo alijiambia anamshikia tu mtu mtoto wake. Kumbe alikuwa akimjaza. Na yule mwenye kanga ya kijani, kama angetokea leo kwenye kona ile ya Kabalagala akasema nimekuja, angemrudishia nini?

Hakuweza kukaa nalo. Jumapili baada ya ibada, walipokuwa wakichambua sombe, majani ya muhogo, nyumbani, alimwambia Exaucée yote, akianzia barabarani. Alisema vibaya, akarudi nyuma, akaruka, akasahau kutaja kanga akaitaja mwishoni. Binti aliendelea kuchuma majani kwenye mashina hata majani yalipokwisha.

"Jina lake nani?"

"Sijui."

"Mimi aliniita nani?"

"Sikusikia, mwanangu. Palikuwa na kelele."

"Alisema nini? Neno kwa neno."

"Alisema, nishikie, nakuja."

Exaucée alisimama. Alikuwa mrefu kuliko Emérence tayari. "Kwa hiyo alisema anakuja, na sisi tukaondoka?"

Emérence alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu madaktari wauchungulie haukuwa na kitu. Binti akachukua begi la shule akaenda kwa Rukiah.

Rukiah alimpokea bila kuuliza, jambo lililomgharimu sana. Kwa siku kadhaa Exaucée alilala kwake pamoja na mabinti zake, akawa anapita mbele ya kibanda cha Emérence akienda shule na kusema "Shikamoo" kama anavyoambiwa mteja. Emérence aliitikia. Alipika kwa watu wawili, akamwaga. Rukiah alipoambiwa kisa chote, alishika kichwa.

"Nami nikasema tumbo ni shahidi! Ulimi wangu huu!"

"Hukujua, dada."

"Sasa wao wamesema nini hao wa pamba? Ni mtoto wako au si wako?"

"Wamesema wadudu ni ndugu."

Rukiah alilitafakari hilo kwa makini kabisa. "Sielewi," alisema.

"Hata mimi."

Exaucée ndiye aliyekwenda kwa daktari, peke yake, akiwa na sare ya shule. Daktari Komakech alimpigia Emérence kwanza kuomba ruhusa, naye akasema mwonyeshe kila kitu. Aliyoongea na binti huko Emérence hakuyajua yote. Alijua tu kwamba jioni hiyo Exaucée aliingia nyumbani, akaketi kitandani bila kuvua viatu, akasema kama anayeendeleza mazungumzo yaliyoanza zamani:

"Daktari amesema nilikataa uji."

"Uliukataa. Uligeuza uso hivi."

"Na ukanitafunia."

"Nikakutafunia."

"Hiyo inachefua, Mama."

"Inachefua sana," alisema Emérence, na wote wawili wakabaki wakitazamana, mmoja akiwa karibu kucheka na mwingine karibu kulia, na ni vigumu kusema yupi alikuwa yupi.

Haikuishia hapo. Exaucée alitaka kumtafuta yule mwanamke. Alikuwa amesikia kuna shirika linalowatafutia wakimbizi ndugu waliopotezana, na alitaka waende wote. Emérence alisema sawa, kisha akasema wiki hii hana nafasi, kisha akasema sawa tena. Walikwenda. Mhudumu wa pale aliuliza maswali, na kwa kila swali Exaucée aligeuka kumtazama Emérence, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo. Mtoto alikuwa na umri gani? Alikuwa anaketi mwenyewe, hajaanza kutambaa. Alama yoyote? Alikuwa na kovu dogo la moto kwenye kisigino, limekwisha kufutika. Alivaa nini? Sweta ya manjano yenye kifungo kimoja. Exaucée alisikiliza habari za kisigino chake kama habari za mtu mwingine, na katikati ya maswali akauchukua mkono wa Emérence akaushika, labda bila kujua.

"Na wewe ni nani kwake?" mhudumu alimuuliza Emérence.

"Mimi..." alisema, akakwama.

"Ni mama yangu," alisema Exaucée. "Tunamtafuta mama yangu mwingine."

Mhudumu alikuwa amesikia makubwa kuliko hayo, akaendelea na swali linalofuata.

Majibu bado hayajaja. Inawezekana yasije. Exaucée yuko kidato cha tatu sasa, na wakigombana kuhusu simu au nywele husema maneno makali, na mengine huyajutia kabla hajafika mlangoni. Daktari Komakech alimweleza Emérence kwamba katika utafiti wamewaweka mahali pa peke yao, kwa sababu hawakujua wawaweke na akina nani. Rukiah bado anawasimulia wateja habari ya wadudu ndugu, na kila mara anaisimulia tofauti.

Emérence anauza vitenge. Simu ikilia kwa namba asiyoifahamu, huiacha ilie mara moja zaidi kabla ya kuipokea. Katika mlio huo mmoja huomba, na hajawahi kuwa na hakika anaomba nini: kwamba yule mwanamke awe hai, awe amepatikana, yuko njiani anakuja; au kwamba anayepiga awe mteja tu, anayeuliza kama ile rangi ya kijani bado ipo.